Namna ya kufumua riwaya ya zamani ukashona filamu ya kuchekesha

Jules Verne hakuwahi kufika Bagamoyo, lakini puto lake lilipita hapa. Katika riwaya yake ya wiki tano angani, iliyotoka Ufaransa mwaka 1863, watu watatu wanapanda kikapu kilichoning'inizwa chini ya puto kubwa la gesi, wanaondoka Unguja tarehe 18 Aprili 1862, wanavuka bahari, na wakishaingia bara wanapita karibu na kijiji ambacho daktari wao anakikuta kwenye ramani: Kaole. Ni Kaole yetu hii, ya magofu ya misikiti na makaburi yenye nguzo, ambako bodaboda anakufikisha kabla hamjamaliza kuulizana habari za nyumbani. Watu wa Kaole wamepewa mistari michache tu. Wanatoka nje, wanapiga mayowe kwa hasira na hofu, wanarusha mishale isiyofika popote. Puto linasonga mbele, nao hawatajwi tena.

Bibi yangu mzaa mama alizaliwa Kaole na akazikwa Kaole. Mpwa wangu aliponisomea ukurasa huo kwenye simu, akinitafsiria kutoka Kiingereza, nilimwambia arudie. Akarudia. Hapo nikajua filamu nimeshaipata.

Mimi ni fundi cherehani, nashonea barazani hapa Dunda. Kwa miaka mingi nimewashonea nguo za maigizo vijana wanaokuja kusoma sanaa katika chuo cha TaSUBa, na huko kukaa nyuma ya pazia na pini mdomoni ndiko kulikonifundisha jinsi kicheko kinavyokuja na kinavyoharibika. Sasa nimeongoza filamu fupi nne, zote za vichekesho, zote zimetokana na riwaya za safari za zamani, na zote tumezipiga kwa simu. Vijana wananiuliza naanzia wapi. Nitaeleza kwa kufuata hii ya puto, maana ndiyo iliyonitoa jasho zaidi.

Kitabu kwanza

Chukua kitabu ambacho mwenyewe ameshakufa zamani. Sheria yetu ya hakimiliki ya mwaka 1999 inamlinda mtunzi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufariki. Verne alifariki 1905, Stevenson aliyeandika habari za kisiwa chenye hazina alifariki 1894, na Haggard wa Mashimo ya Mfalme Sulemani alifariki 1925. Hao ukiwachukua, huna deni na mtu.

Lakini soma kitabu chenyewe, usisome filamu. Watu wengi wana hakika kwamba katika riwaya ya Verne ya kuizunguka dunia kwa siku 80 yule bwana wa London anasafiri kwa puto. Hasafiri kwa puto hata mara moja. Puto liliingizwa na filamu ya mwaka 1956, likabaki vichwani mwa watu. Filamu ya mwaka 2004, ambayo Jackie Chan anacheza kama Passepartout, mtumishi wa bwana huyo, imemfanya huyo mtumishi kuwa Mchina anayerudisha sanamu ya Buddha iliyoibwa kijijini kwao. Jambo hilo nalo halimo kitabuni. Ni mali ya waliotengeneza filamu hiyo, na ukilichukua utakuwa umewaibia walio hai. Tafsiri nayo ina mtunzi wake: maneno ya Kiswahili ya Mashimo ya Mfalme Sulemani ni kazi ya Frederick Johnson, si ya Haggard. Hadithi chukua, maneno tunga yako.

Kuna jambo moja kubwa la kujifunza katika filamu hiyo ya 2004, na halina hakimiliki. Waliomfuata Verne walimwacha bwana akawa mtu wa pembeni, mtumishi ndiye akaibeba hadithi. Kwenye kila riwaya ya safari kuna mtu wa namna hiyo, anayebeba mizigo huku mwingine akibeba sifa. Mtafute huyo. Mimi niliposhindwa kuchagua kati ya watu watatu wa kwenye kikapu, nilitazama chini nikawaona watu wa Kaole.

Fumua, usikate

Mteja akiniletea koti la mtumba nimshonee mtoto wake, sikati. Nafumua mishono kwanza, natandaza vipande mkekani, naangalia kitambaa kizima kiko wapi na kimechakaa wapi. Kitabu nakitenda hivyohivyo. Hiki cha puto kina sura 44. Nilichana karatasi za daftari vipande 44, kila sura ikapata sentensi moja: nani anataka nini, na nini kinamzuia. Nikavitandaza sakafuni, nikavikanyagakanyaga siku mbili.

Katika kuvitandaza unatafuta vitu viwili. Cha kwanza ni mahali ambapo kitabu chenyewe kinachekesha tayari. Usifikiri hawa wazee waliandika bila kucheka. Wewe uliyesoma Mashimo ya Mfalme Sulemani unamkumbuka Good, ambaye wenyeji wanamkuta amenyoa upande mmoja wa uso, hana suruali, na meno yake ya bandia yanatoka na kurudi. Wakamwona wa ajabu, ikambidi abaki hivyohivyo, miguu nje, ili ajabu lisiishe. Katika kitabu cha puto, watatu wale wanashuka Kazeh, ndiyo Tabora, watu wanalichukua puto kuwa ni mwezi na wao kuwa ni wana wa mwezi. Wanakubali heshima zote. Kisha jioni mwezi wenyewe unachomoza. Mbegu kama hizo ziweke pembeni, huhitaji kuzitunga.

Cha pili ni uzi uliolishika vazi lote, yaani jambo ambalo ukilitoa hakuna kitabu tena. Huo ushike, na vingine vyote una ruhusa ya kuviacha. Kwangu uzi niliuona kwa Joe, mtumishi wa daktari. Joe anapata mawe yenye dhahabu, anayajaza kikapuni yawe uzito wa kushikilia puto, ameshajiona tajiri. Kila puto linapokataa kupanda anaambiwa atupe. Anatupa jiwe moja, roho inamuuma. Anatupa lingine. Mwisho wa kitabu wanakata hata kikapu chenyewe, wanabaki wameshikilia nyavu. Hadithi nzima imo humo: ukitaka kupanda, tupa.

Nikaandika ukutani kwa chaki UKITAKA KUPANDA, TUPA, nikayaacha hayo mengine yaende. Daktari wa Uingereza akaenda, mto Naili ukaenda, Senegali ikaenda. Filamu ya mwaka 1962 iliyotokana na kitabu hikihiki nayo iliacha mengi, ikaongeza wanawake na sokwe kikapuni, ikageuza safari kuwa mbio za kuwahi mto Volta. Kuacha si dhambi. Ubaya ni kuacha na huku hakuna ulichoshika, halafu vituko vinafuatana tu kama abiria wa daladala wasiojuana.

Nani anachekwa

Hapa nakuomba usiharakishe, maana ndipo riwaya hizi zinapoumiza. Ziliandikwa na watu waliotutazama kutoka mbali. Ukizifuata kwa mkono wa mazoea, kicheko kitaangukia palepale walipokiangusha wao. Filamu ya Mashimo ya Mfalme Sulemani ya mwaka 1985, miaka mia kamili baada ya kitabu, ina sehemu ambapo wazungu wawili wamewekwa ndani ya chungu kikubwa wapikwe na wenyeji. Ilitengenezwa ili watu wacheke. Nimeitazama na watoto wa dada yangu, na mdogo akaniuliza kama zamani tulikuwa tunafanya hivyo. Sikuwa na hamu ya kuendelea kutazama.

Kwa hiyo kabla sijaandika mstari mmoja wa mazungumzo, nauliza: katika sini hii, ni nani asiyejua kitu huku akijiona anajua? Huyo ndiye achekwe. Wasafiri wa Kiingereza Burton na Speke walianza safari yao Kaole mwaka 1857 kwenda kutazama maziwa ambayo watu walikuwa wakivua samaki ndani yake tangu enzi za mababu. Basi watatu wangu nikawatoa Dar es Salaam. Ni mkuu wa msafara, mpiga picha na mhasibu, wamekuja na puto kutafuta chanzo cha mto Ruvu. Wamepakia jiko la gesi, jenereta, na masanduku mawili ya kitabu ambacho mkuu amekwisha kukichapisha kuhusu chanzo hicho, kabla hajakiona.

Tembo nikambadilisha. Katika riwaya nanga ya puto inanasa kwenye pembe za tembo, tembo anaondoka nalo. Kwetu nanga inanasa nyuma ya bajaji, dereva anaendesha bila habari mpaka kituoni, anashuka, anatazama juu, anadai nauli ya watu watatu. Ukibadilisha kitu, angalia kilikuwa kinafanya kazi gani, kisha tafuta cha mtaani kwako chenye kazi hiyohiyo. Tembo alikuwa ni nguvu inayokuburuza na wala haina ugomvi na wewe.

Muswada wa dakika 12 usizidi kurasa 12. Ukizidi, una sini usiyohitaji.

Siku ya bibi

Nilikuwa nimeandika kwamba mwanamke mmoja wa Kaole anaona puto, anaacha vitumbua vyake, anakimbia, halafu anajipa moyo na kurudi. Nikampa nafasi hiyo bibi anayeuza vitumbua kwelikweli, ambaye hajawahi kuigiza. Tukafanya mazoezi chini ya mnazi. Akasoma, akanirudishia karatasi.

"Mwanangu, nikiona watu wananing'inia juu namna ile, nitakimbia niende wapi?"

"Shikamoo bibi, basi wewe ungefanya nini?"

"Marahaba. Ningewauliza wamepatwa na nini."

Nikamwambia afanye hivyo. Akaweka kiganja juu ya macho, akatazama juu kwa muda, mkono wa pili bado umeshika upawa. Akasema, "Nyie wanangu, mmekula?"

Mkuu wa msafara, ambaye ni mwalimu mstaafu wa jiografia, akajibu kama tulivyoandika: "Tunatafuta chanzo cha mto Ruvu!"

Bibi akasema, "Uluguru."

Kimya. Hakuna aliyekuwa ameandika neno hilo. Kisha akaongeza, "Shukeni mle. Gari la Msata lipo saa nane, mtaunganisha."

Filamu yote ikageuka pale. Swali lao limejibiwa dakika ya tatu, na kuanzia hapo wanahangaika kwa sababu jibu halikutoka kwenye ramani yao. Jifunze hivi: usimalize kuandika kabla wenyewe hawajasoma. Mtu akikataa mstari wako, muulize yeye angefanya nini, na uwe na kalamu.

Mwalimu alinisumbua kidogo mwanzoni. Alijua ni vichekesho, kwa hiyo akawa anachekesha, anakodoa macho. Nikamwonyesha filamu ya vikaragosi ya mwaka 1996 ya kisiwa cha hazina, ambamo Tim Curry anacheza haramia Long John Silver kati ya chura, panya na midoli ya kila namna. Amezungukwa na vitambaa, lakini anamcheza Silver kwa dhati, ana njaa ya dhahabu kweli na unaweza kumwogopa. Nikamwambia, mwalimu, wewe unatafuta chanzo cha mto, umetumia kiinua mgongo chako chote, na kitabu kimeshachapishwa. Akakaa kimya, akasema ameelewa. Kuanzia siku hiyo alipotupa sanduku la kwanza la vitabu chini, watu wa nyuma ya simu walicheka mpaka tukarudia shoti.

Puto la shuka

Hatukushona puto zima, na wewe usishone. Kamera inahitaji mdomo wa puto na kipande cha tumbo, vingine mtazamaji anajijazia. Nilikata vipande 12 vyenye umbo la kipande cha chungwa, kila kimoja urefu wa mita tatu, chini sentimita 25 na juu 80. Mara ya kwanza nilitumia bitana kwa sababu inang'aa vizuri. Kaskazi ya mchana mmoja tu iliipasua toka juu mpaka chini. Nikarudi sokoni nikanunua shuka za mtumba za pamba, nzito, rangi mbili, nikaulaza kila mshono na kuupiga mara mbili kama unavyoshona suruali ya jinsi. Mdomoni nikaingiza bomba la plastiki la maji lililokunjwa duara, ili pabaki wazi hata upepo ukilala.

Kikapu ni tenga. Tafuta tenga kubwa la kubebea mizigo, mbili ukiweza, uzifunge pamoja. Tulilining'iniza kwa kamba ya manila kati ya minazi miwili, na hapa ndipo siri ilipo: halikuwa juu zaidi ya goti langu. Tulichimba shimo mchangani, mpiga picha akalala chali ndani yake na simu, akapiga kuelekea juu. Nyuma ya tenga hakuna ardhi, hakuna mti, ni mbingu tupu. Vijana wawili wanavuta kamba kwa zamu, polepole sana. Ukitikisa haraka, mtazamaji anaona bembea.

Kivuli cha puto kupita kijijini ni ungo. Mtu anaubeba juu ya mti mrefu, anatembea, kivuli cha duara kinapita juu ya karai la vitumbua na mikono ya bibi. Hiyo piga saa sita mchana mwezi Februari, jua likiwa utosini, ili kivuli kiwe duara. Shoti nyingine zote piga kuanzia saa kumi na mbili na nusu mpaka saa tatu asubuhi, au baada ya saa kumi jioni, la sivyo nyuso zitakuwa na macho meusi. Asubuhi pia kaskazi bado imelala, na sauti yako itakushukuru.

Kuhusu sauti: simu ya pili ifungwe kitambaa, ifichwe ndani ya tenga, karibu na vinywa. Kila mnapoanza, mtu apige kofi moja mbele ya kamera, ndilo litakalokusaidia kuoanisha picha na sauti.

Kama una sini ya ufukweni, waulize wavuvi kwanza. Bahari yetu wakati wa bamvua, maji yanapojaa na kutoka kwa nguvu, asubuhi iko miguuni, baadaye imeondoka mpaka madau yamelala ubavu. Na kila siku maji yanachelewa kwa takriban dakika 50, hivyo ukirudi kesho saa ileile hutaikuta bahari uliyoiacha.

Kibali kitafute mapema. Bodi ya Filamu inatoa kibali cha kupiga picha, na filamu yenyewe hukaguliwa kabla ya kuonyeshwa hadharani. Magofu ya Kaole ni mambo ya kale yanayolindwa na yana utaratibu wake. Sisi hatukupiga ndani. Yale ni makaburi na misikiti, na kuna watu bado wanakwenda kuomba dua pale. Tulikaa kwenye shamba la minazi la jirani kwa ruhusa ya mwenyewe, ukuta wa magofu ukaonekana kwa mbali, ukatosha.

Kukata na kuonyesha

Wakati wa kuhariri, adui yako ni haraka. Baada ya bibi kusema "Uluguru", mara ya kwanza niliacha sekunde moja nikakata. Haikuchekesha. Nikaacha sekunde nne: uso wa mkuu, uso wa mhasibu anayemwangalia mkuu, kisha mkuu anaikunjua ramani upya. Kicheko kimo katika kuikunjua ile ramani. Shoti za vituko vya mwili ziache pana na ndefu, tenga lote lionekane, usirukie nyuso.

Kisha onyesha kabla hujasema umemaliza. Mimi natandika shuka nyeupe ukutani Jumamosi baada ya isha, nakaa mbele pembeni, nimegeukia watu na si picha. Nina daftari. Penye kicheko naweka alama, mtu akishika simu yake naandika dakika. Sini ya nauli ya bajaji, ambayo mimi niliipenda kuliko zote, walicheka nusu ya kwanza, nusu ya pili watoto wakaanza kusukumana. Niliikata sekunde 45 usiku uleule.

Bibi alikaa kwenye mkeka mbele kabisa. Hakucheka sana. Ilipoisha, watu wakipiga makofi, aliniita kwa mkono nikainama.

"Mwanangu, hawa watu niliwaambia washuke wale. Mpaka mwisho hawakula."

Nikaitazama daftari yangu. Hakuna alama iliyonionyesha hilo. Jumatatu asubuhi tukalipakia tenga kwenye guta tukarudi Kaole, tukapiga sini moja ya mwisho: puto limelala chini kama nguo zilizoanuliwa, na watatu wamekaa mkekani na vitumbua na chai ya rangi, mkuu ameifunika sahani yake kwa ukurasa wa kitabu chake ili nzi wasitue. Hakuna anayesema neno. Bibi anawaongezea.